Kabla hujakopa kumnunulia mwanao kamera

Ukurasa huu umezoea maswali ya chanjo, minyoo na watoto wasiotaka kula. Miezi ya karibuni limeingia swali la aina nyingine, na linakuja na orodha. Kijana amemaliza shule au yuko chuo, anataka kutengeneza filamu, na amemkabidhi mzazi karatasi yenye majina: kamera fulani, lenzi mbili, kishikio cha kuzuia mtikisiko, droni, kompyuta ya kuhariria na programu ya kulipia kila mwezi. Chini ameandika jumla.

Mama mmoja anayeuza vitenge alinitumia picha ya karatasi kama hiyo kwa WhatsApp. Jumla ilikuwa shilingi milioni 14 na laki tatu. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, nikope kwenye kikoba, au nitakuwa nimejitia kitanzi?"

Mimi ni mwandishi wa afya, na huenda ukashangaa ninaingilia vipi mambo ya kamera. Nina sababu mbili. Kwanza, sehemu ya kazi yangu siku hizi ni kurekodi video fupi za wauguzi na madaktari wakitoa elimu, kuzihariri na kuzipandisha mtandaoni, kwa hiyo vifaa hivi navijua kwa mkono. Pili, nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki za presha. Mgonjwa hutaja deni kabla hajataja chumvi.

Jibu langu kwa yule mama lilikuwa kwamba asikope. Na nilimwomba asimkatishe mwanawe tamaa, maana kutengeneza picha ni kazi halali, watu wanaishi kwayo, na kila wikiendi mjini hapa kuna harusi, send-off na kipaimara ambako mtu wa video analipwa. Tatizo langu ni ile karatasi. Kijana ameiandika kwa mkono wake, lakini waliomwandikia ni watu wa masoko.

Ukitaka kuwaelewa watu hao, anza na maziwa ya kopo. Miaka mingi iliyopita kampuni za maziwa zilikuwa zikigawa makopo ya bure kwa kina mama waliotoka kujifungua. Ilionekana ukarimu. Mama anampa mtoto kopo la bure wiki moja au mbili, mtoto ananyonya kidogo, na kwa kuwa maziwa ya mama hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya, ya mama yanapungua. Kopo la bure linaisha. Sasa lazima anunue. Ndiyo maana mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama, na mojawapo ya makatazo yake ni kuwapa kina mama sampuli za bure.

Kwenye programu za kuhariri video hakuna katazo la namna hiyo. Mwanafunzi hupewa siku kadhaa za kujaribu bure, kisha bei ya punguzo kwa wanafunzi. Anajifunza vitufe vya programu moja, anazoea majina yake, miradi yake yote inahifadhiwa kwa mfumo wa programu hiyo, na vidole vyake vinazoea njia moja. Akimaliza chuo, punguzo linaisha. Kuhama ni kujifunza upya, na faili za zamani hazifunguki vizuri kwingine. Hakuna aliyemlazimisha. Amezoeshwa tu.

Chukua Adobe, kampuni ya Marekani inayotengeneza Premiere Pro, programu ambayo vijana wengi huiweka juu kabisa ya orodha. Zamani uliinunua mara moja, ikawa yako, ukaitumia hadi uichoke. Toleo la mwisho la namna hiyo, Creative Suite 6, lilitoka mwaka 2012. Mei 2013 kampuni ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa usajili tu: unalipa kila mwezi, ukiacha kulipa, inafunga.

Fanya hesabu pamoja nami. Kwa bei ya Marekani, programu hiyo moja ni takriban dola 23 kwa mwezi ukijifunga kwa mwaka. Tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi. Hiyo ni shilingi 57,500 kwa mwezi, 690,000 kwa mwaka, na zaidi ya milioni mbili kwa miaka mitatu. Baada ya miaka hiyo mitatu huna kitu mkononi. Ni kama kupanga chumba, tofauti ni kwamba mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi akiwa bara lingine na wewe huna wa kumlalamikia.

Tena angalia hayo maneno "ukijifunga kwa mwaka". Juni 2024 serikali ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya kampuni hiyo, ikidai kwamba wateja walipelekwa kwenye mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi bila kuonyeshwa wazi faini ya kujitoa mapema, ambayo ni nusu ya malipo yaliyobaki, na kwamba kujitoa kulifanywa kugumu kwa makusudi. Kampuni ilikanusha. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujaandika namba za kadi yako ya benki kwenye simu ya mwanao, umuulize: tukitaka kuacha mwezi wa tatu, tunaacha vipi, na kwa shilingi ngapi?

Kuna njia nyingine, na ajabu ni kwamba haimo kwenye karatasi nyingi ninazotumiwa. Kampuni ya Australia iitwayo Blackmagic Design ina programu inayoitwa DaVinci Resolve. Asili yake ni mitambo ya kurekebisha rangi za filamu iliyokuwa ikiuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa studio kubwa. Blackmagic ilinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2009, na leo kuna toleo la bure kabisa: halina kikomo cha siku wala alama ya kampuni juu ya picha, na linahariri, linarekebisha rangi na sauti. Toleo la kulipia, linaloitwa Studio, ni dola 295. Unalipa mara moja. Kwa hesabu yetu ni shilingi 737,500, kiasi ambacho yule mwingine wa kila mwezi anakipita mwaka wa pili ukiwa umeanza tu.

Wala hawa nao si malaika. Blackmagic wanauza kamera na mitambo mingine, na programu ya bure ni chambo cha kukufanya uzoee nyumba yao ili siku moja ununue kamera yao. Ila kwenye chambo hiki, samaki anaweza kula akaondoka, na kwa mwanafunzi hilo ndilo la maana.

Kinachofichwa kwenye neno "bure" ni kompyuta. Resolve ni nzito. Kwenye kompyuta ndogo ya ofisini, yenye kumbukumbu ya GB 4, itakwama na kijana atakujia akisema programu ni mbovu. Inataka kumbukumbu ya GB 16 na kadi ya picha yenye nguvu ya kutosha, la sivyo ajifunze kutengeneza nakala nyepesi za video ahariri hizo kwanza, jambo ambalo programu yenyewe inaliwezesha. Kama kuna sehemu ya ile milioni 14 ambayo ningeitetea, ni kompyuta. Iliyotumika lakini nzima, iliyokaguliwa na fundi unayemwamini, itamfaa mwanao hata akibadili mawazo na kwenda kusomea uhasibu.

Kwa anayeanza kabisa, hata simu inatosha kuhariri. CapCut, ya kampuni ya ByteDance inayomiliki TikTok, ndiyo vijana wengi wanaitumia. Ni nyepesi na inafundisha haraka. Lakini hapo pia utaona mchezo ule ule wa kopo: baadhi ya vitu vilivyokuwa vya bure vimehamia upande wa kulipia, mtumiaji akiwa tayari amevizoea.

Na kuna hili ambalo wazazi hawaliulizi kwa sababu hawajui kama lipo: programu zilizovunjwa kufuli. Kijana anakuambia ameipata programu ya gharama bure kwa rafiki, kwenye flashi. Mbali na kwamba ni wizi, watu wanaovunja kufuli hizo hawafanyi kazi ya sadaka. Mara nyingi ndani yake hutiwa virusi vya kuiba nywila. Kama kompyuta hiyo ndiyo unayofungulia barua pepe na akaunti ya benki, umemfungulia mlango mtu usiyemjua. Palipo na Resolve ya bure, sioni sababu ya kuhatarisha.

Tuje kwenye kamera, ambako ndiko matangazo yalipolala.

Oktoba 30, 2023, Apple walitangaza kompyuta zao mpya kwenye kipindi cha video, na mwishoni wakaandika kwamba kipindi chote kilirekodiwa kwa iPhone. Ilikuwa kweli. Baadaye wakatoa wenyewe video ya nyuma ya pazia, na humo ukaiona simu hiyo ikiwa imefungwa kwenye kreni, juu ya mikokoteni ya reli, kwenye droni, katikati ya taa kubwa na mafundi waliojaa chumba. Simu ilikuwa ndiyo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote mle ndani. Kijana anayetazama tangazo anaondoka na sentensi moja tu: nikiwa na simu ile, nitatoa picha ile.

Mfano wa pili ni filamu ya Gareth Edwards, *The Creator*, ya mwaka 2023. Ilirekodiwa kwa Sony FX3, kamera ndogo iliyouzwa karibu dola 4,000, yaani kama shilingi milioni 10. Sifa zikasambaa: filamu kubwa ya Hollywood kwa kamera ambayo hata mpiga picha wa harusi anaweza kuinunua! Ndiyo. Ila bajeti ya filamu ilikuwa dola milioni 80. Kamera ilikuwa tone. Fedha nyingine zililipa watu, safari, lenzi, na mafundi wa kompyuta waliochora maroboti. Muuza kamera hana haja ya kusema uongo hapo. Anachagua tu ukweli upi aandike kwa herufi kubwa.

Hata *Tangerine* ya Sean Baker, ambayo kila kijana anayetaka filamu ataitaja, iliyorekodiwa kwa iPhone 5s na kuonyeshwa tamasha la Sundance mwaka 2015, haikuwa filamu ya bure. Bajeti yake ilikuwa kama dola 100,000. Walibandika lenzi ya ziada kwenye simu, wakatumia programu ya kurekodi ya kulipia, na sauti, tafadhali sikia hili, hawakuirekodi kwa simu. Sauti ilichukuliwa kwa vifaa vya kitaalamu.

Nimelisisitiza la sauti kwa sababu karatasi ninazotumiwa hazina maikrofoni. Zina droni! Nimeshahariri mahojiano ya daktari bingwa, picha inang'aa kama kioo, na maneno yake yamezama kwenye feni na honi za bodaboda. Haikufaa kitu. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza kidogo, lakini akilazimika kukaza masikio anapita, anakwenda kwenye video inayofuata. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, chenye waya, ni bei ya kuku wachache. Kwa mwanafunzi, hicho kinabadilisha kazi yake kuliko lenzi yoyote.

Halafu kuna hesabu za "K". Kijana atakuambia kamera lazima iwe ya 4K, na mwakani atasema 8K. Maana yake ni idadi ya nukta zinazounda picha. Picha ya kawaida ya HD kamili ina nukta milioni 2 hivi, 4K ina milioni 8, na 8K ina milioni 33. Wewe unayesoma makala haya kwenye simu ya inchi sita, jiulize macho yako yangeziona wapi nukta milioni 33. *Skyfall*, filamu ya James Bond ya mwaka 2012, ilirekodiwa kwa kamera ya ARRI isiyofika hata 3K, ikaonyeshwa kwenye majumba yenye kioo kikubwa kama ukuta wa ghorofa, na hakuna aliyerudishiwa kiingilio.

Nukta hizo zina gharama ambayo haiandikwi kwenye boksi. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza GB 45 kwa saa moja. Harusi ya saa sita ni GB 270. Kadi, diski, muda wa kunakili, umeme, na bando la kupandisha mtandaoni vyote vinafuata nyuma kama mabehewa. Anayekuuzia kamera anakuonyesha kichwa cha treni tu.

Mwanao anawajua waigizaji wote wa hizo filamu za Marekani. Mtajie Isaac Nabwana wa Kampala.

Nabwana ni mtu wa Wakaliga, mtaa wa hali ya chini. Aliwahi kufyatua matofali. Akaanza kutengeneza filamu za mapigano pale pale nyumbani, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutoka vipande vya zamani, na studio yake ikaja kujulikana kama Wakaliwood. Filamu yake *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 inasemwa iligharimu chini ya dola 200. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu. Helikopta ilikuwa ya kompyuta, na inaonekana ni ya kompyuta, na watu wanaipenda hivyo hivyo. Majirani ndio waigizaji. Imetazamwa mtandaoni na mamilioni ya watu duniani, na wapenzi wa sinema wa Ulaya na Marekani wamefunga safari hadi mtaani kwake.

Simtaji ili kumwambia kijana ufukara ni mzuri. Nabwana angekuwa na fedha, angenunua vifaa bora, na angekuwa na haki. Ninamtaja kwa sababu alikuwa na kitu ambacho karatasi ya milioni 14 haina: alijua anataka kurekodi nini, nani ataigiza, na nani ataangalia. Filamu zake ziliuzwa kwa diski, mkono kwa mkono, mtaa kwa mtaa. Nakala inayotazamwa ina sauti ya mtu anayetania na kusimulia juu ya picha, kama sisi tulivyozoeshwa na marehemu Lufufu kwenye mabanda ya video. Muulize mwanao: hadithi yako ya kwanza inahusu nini? Akikujibu kwa kutaja aina ya kamera, bado hajaanza.

Katika historia ya studio hiyo kuna jambo moja la afya, nami siwezi kulipita. Mwanzoni walitumia damu halisi ya ng'ombe kwenye matukio ya risasi, hadi mwigizaji mmoja akaugua brusela, ugonjwa unaoambukizwa kutoka kwa mifugo na unaoleta homa za kurudirudi na maumivu ya viungo. Wakahamia rangi ya chakula. Vijana wetu wanaorekodi filamu za ujambazi nyuma ya nyumba, rangi nyekundu ya chakula na sukari iliyochemshwa ikawa nzito inatosha.

Mengine ya afya nitayataja haraka. Kuhariri ni kazi ya usiku na hedifoni. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kwa kuwa hakuna mwenye kipimo nyumbani, asivuke asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya kifaa. Kila dakika 20 aangalie kitu kilicho mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20. Mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na filamu haimwondolei hitaji hilo. Betri za kamera na droni zikivimba zisichajiwe tena wala kutobolewa, na zisichajiwe juu ya godoro watu wakiwa wamelala. Moto wa betri za lithiamu ni mkali na hauna subira.

Sasa wale wa mitandaoni. Mwanao hakuiota ile orodha. Ametazama watu wanaokaa mbele ya rafu zenye taa za bluu na kusema kamera hii "imebadilisha maisha yangu". Wengi wao hupewa kamera hizo kuzijaribu kabla hazijatoka, na chini ya video huweka viungo vya kununulia. Ukinunua kupitia hapo, wanapata asilimia. Si dhambi, na wapo waaminifu wanaosema wazi. Lakini mtu ambaye mwezi huu amesema kamera fulani ni bora, na baada ya miezi minane anasema mpya ni bora zaidi na ile ya zamani "haitoshi tena", anaishi kwa kukufanya usitosheke. Keti na kijana mtazame video mbili za mtu mmoja, ya mwaka juzi na ya mwaka huu, kuhusu matoleo mawili ya kamera ile ile. Msikilize alivyoisifu ile aliyoidharau baadaye. Dakika 20 za namna hiyo zitafanya kazi ambayo hotuba yako ya saa nzima haiwezi.

Kuhusu fedha yenyewe, nilimwambia yule mama hivi. Mwanao ana simu? Anayo. Basi arekodi kwa hiyo simu filamu tatu za dakika tatu tatu katika miezi mitatu. Programu ya Blackmagic Camera ipo bure kwa iPhone tangu 2023 na kwa baadhi ya simu za Android tangu 2024, na inamfundisha kushika mwanga na kasi kwa mkono wake badala ya kuiachia simu iamue. Amnunulie maikrofoni ya kola na stendi ya miguu mitatu. Mwanga wa dirisha la asubuhi ni bure, na shuka jeupe likitandazwa upande wa pili linarudisha mwanga usoni. Chumba kikitoa mwangwi, magodoro na mablanketi yanaunyamazisha.

Akipata kazi ya kwanza ya kulipwa, asinunue kamera. Akodi. Mjini kamera, lenzi na taa hukodishwa kwa siku, na gharama ya kukodi anaiweka ndani ya bei anayomtajia mteja. Akikodi mara tano kamera tofauti, atajua anayoihitaji kwa kuishika, na utashangaa mara nyingi si ile iliyokuwa kwenye karatasi. Siku atakapokuja na daftari linaloonyesha amelipa ukodi wa siku nyingi mwaka huu kiasi kwamba kununua ni nafuu, hapo mkae mezani. Na hapo anunue kwa fedha za kazi, wewe ongezea panapopungua.

Mkopo wa kikoba unarudishwa kila wiki au kila mwezi, harusi zikiwepo zisiwepo. Mwezi wa Ramadhani na wakati wa Kwaresima sherehe hupungua, lakini mweka hazina hapumziki. Kamera nayo hushuka thamani tangu siku boksi linapofunguliwa. Vitenge vya mama huyu angalau visipouzwa leo vitauzwa kesho kwa bei ile ile.

Yapo pia mambo ya kisheria ambayo matangazo hayayataji kabisa. Filamu hapa nchini zina Bodi ya Filamu na sheria yake ya mwaka 1976, na kurekodi filamu kunahitaji kibali. Kijana anayetaka kuuza kazi yake aende akaulize utaratibu kabla hajaalika waigizaji. Na akiajiriwa kurekodi, hata kwa shangazi yake, iandikwe karatasi: siku ngapi, malipo ya awali kiasi gani, kazi itakabidhiwa lini, na nani anabaki na picha ghafi. Vijana wengi wa video ninaowafahamu hawakukwamishwa na lenzi. Walikwamishwa na mteja aliyesema "nitakumalizia mwisho wa mwezi".

Kitu cha mwisho cha kununua, nacho kinasahaulika, ni diski ya pili ya kuhifadhia. Filamu ile ya Kampala, nakala yake ya asili isiyo na msimulizi, haipo tena. Ilifutwa kwa sababu nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo na ilihitajika kwa filamu iliyofuata. Harusi ya mtu hairudiwi. Diski mbili, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu mtaa wa pili, na asifute chochote kwenye kadi hadi vyote viwili vimefunguliwa na kuangaliwa.